Mkalimani wa Chelimo

Mimbari ilikuwa mikebe miwili mikubwa ya maziwa, na ubao juu yake. Mzungu aliyeiacha alikuwa ameuza shamba na kwenda zake. Sasa, mwaka wa tano wa Uhuru, familia zilizolinunua, zilizotoka Nyeri kwa malori, zilikuwa zimeketi katika banda lake la kukamulia ng'ombe, nje kidogo ya Turbo, zikingoja neno la Mungu.

Neno hilo lililetwa na watu watatu wa kanisa moja la Eldoret. Zachariah, mwenye duka la nguo, alikuwa kiongozi wa msafara. Kituyi aliendesha gari na kuongoza nyimbo. Chelimo, mwalimu wa shule ya msingi, alipangiwa na mchungaji kuhubiri Jumapili.

Kufikia Jumapili Zachariah alikuwa amekwisha kuhubiri siku mbili kwa Kikuyu, na sifa zilikuwa zimeanza kumlevya.

"Mwalimu, wazee hawa hawajui Kiswahili," alimwambia Chelimo asubuhi hiyo. "Leo niachie mimi tena."

"Si wewe unakijua, Mzee? Utanitafsiria."

"Kwani nimekuja hapa kuwa mkalimani?"

Kituyi alikuwa akifuta kioo cha gari. Hakugeuka. "Mzee, kama sisi watatu tumeshindwa kusimama pamoja, tuwashe gari turudi. Umoja tutawahubiria kwa mdomo gani?"

Zachariah akakubali shingo upande.

Chelimo hakufungua Biblia. "Nilizaliwa shamba hili," alisema. "Baba yangu alikamua ng'ombe katika banda hili mpaka akafa. Shamba lilipouzwa tuliambiwa tuondoke, kaburi lake likabaki. Nimewachukia ninyi bila kuwajua. Niombeeni."

Zamu ya Zachariah ya kutafsiri ikafika. Yeye mwenyewe alikuwa na hisa katika shamba jingine huko Kaptagat, wala hakuwahi kuuliza waliokuwa wakiishi pale walielekea wapi. Aliwatazama watu wa kwao, waliouza hadi mbuzi wa mwisho ili wafike hapa. Akawahurumia, akajihurumia.

"Anamshukuru Mungu," aliwaambia kwa Kikuyu, "kwa kumletea majirani wapya."

"Amina!" banda zima likaitika.

Chelimo alishtuka. Kisha uso wake ukalegea polepole, machozi yakamtoka. "Asanteni," akasema. "Sikutegemea."

Asante hiyo ilimchoma Zachariah kuliko tusi.

"Ngojeni," akasema kwa Kikuyu. "Nimewadanganya. Hakusema hivyo." Akayarudia maneno yote, bila kuyapunguza makali. Kisha akamgeukia Chelimo, akamweleza kwa Kiswahili alilokuwa amelifanya.

Safari hii hakuna aliyeitika amina. Mwanamume mmoja aliinuka, akatoka nje. Mtoto alilia, akanyamazishwa. Chelimo alifuta uso kwa leso, asimtazame mtu.

Waceke, bibi kizee aliyeketi karibu na mlango, akasema jambo kwa Kikuyu. Zachariah alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama anauliza kaburi liko upande gani," akasema. "Kesho trekta linaanza kulima."

Chelimo aliinua mkono kuelekea kwenye mikaratusi. Waceke akajizoazoa, akaegemea mkongojo, akatoka hadi uwanjani. Hapo akasimama, akageuka na kusema neno.

"Anasema utangulie," Zachariah akatafsiri. "Yeye hajui njia."