Mkuku Uliobaki Koyama

Zakia hakuwaogopa maprofesa waliomngoja ng'ambo. Aliyemwogopa alikuwa mzee mmoja wa mstari wa mbele katika ukumbi ule wa Kismayo, kofia imekaa sawa, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa baba yake, fundi Athmani.

Utafiti wake wa uzamivu ulihusu mafundi wa majahazi waliovihama visiwa vya Kibajuni, Koyama kikiwamo, wakati wa vita, na sera ambayo ingeweza kuwarudisha. Kabla ya kwenda kuutetea, alitaka wenyewe wausikie. Alikuwa amewahoji wote, na wote walisema hawarudi. Baba yake ndiye aliyejibu upesi kuliko wenzake: "Nirudi Koyama nikafanye nini? Hapa nachonga vitanda, nakula." Zakia aliondoka na jibu hilo kama mtu aliyefungiwa mlango. Tangu utotoni alikuwa akimngoja baba huyo aseme twende nyumbani, alikozikwa mama yake, Kulthumu.

Akaonyesha ukutani picha ya pwani ya Koyama. Gogo refu lililochongwa liwe uti wa jahazi lilikuwa limelala peke yake mchangani.

"Mkuku wa nani huo?" mama mmoja akauliza.

"Wa Ami Athmani." Aliyejibu ni Nasrudin, fundi kijana aishiye Koyama. Akasimama. "Nami nimekuja kwa ajili yake. Ami, naomba rukhsa niuundie chombo."

Ukumbi mzima ukamgeukia Athmani. Kwa mafundi wa Kibajuni, mkuku uliolazwa na mtu haupigwi tezo na mwingine mpaka mwenyewe atoe rukhsa kwa mdomo wake. Akiitoa, ameiaga pwani ile.

"Mpe, Athmani!" akamtania Badi, mwenzake wa karakana ya vitanda. "Au wangoja uje uulalie?"

Watu wakacheka. Athmani hakucheka.

"Zakia, ikuze picha hiyo."

Akaikuza. Mti ulikuwa ukimeta.

"Nani aliyeupaka sifa?"

"Sisi, ami. Kila mwaka twaupaka mafuta hayo ya papa. Mti wa mwenyewe hatuuachi ukaliwa na mchwa."

Mzee akainamisha uso, akaipitishia fimbo kidole gumba, kama apimaye unyoofu wake. Zakia alisikia pumzi zake mwenyewe katika kipaza sauti. Neno moja la baba yake, na Koyama ingekuwa imekwisha.

"Bado," Athmani akasema.

"Bado nini, ami?"

"Sijatoa rukhsa. Kaupakeni tena."

Badi akapiga makofi. "Miaka yote watwambia hurudi! Muongo we!"

"Kwani nimesema narudi?"

Zakia akaitazama sentensi yake ya mwisho, ile iliyosema kwamba mafundi hawa wamekwisha kuhama. Hakuisoma. Aliiacha picha ukutani, akashuka, akaketi kando ya baba yake.

"Mbavu za chombo hicho nilishazikata," mzee akanong'ona, macho yasibanduke ukutani. "Niliziweka nyuma ya nyumba ya mamako. Sijui kama zipo."