Kitufe cha Kufuta Ukimya

Mimi na mdogo wangu tunafanya kazi moja, kwenye ghorofa moja, milango yetu inatazamana. Chini yetu kuna duka la magodoro, kwa hiyo ngazi zetu zinanuka sponji mpya mwaka mzima. Tunahariri video za harusi. Yeye ana programu yake, mimi nina yangu, na kwa miaka sita hatujapatana ipi ni bora.

Wateja huniita Mzee Mikasi. Yeye wanamwita Profesa, kwa ajili ya miwani tu. Shule tuliikimbia wote wawili, ila mimi nilikimbia mbali zaidi. Nimepika melini, nimebeba magunia, nimeonyesha sinema kwenye kuta za maghala katika miji ambayo sikukaa hata muda wa shati kukauka. Chumba cha Profesa kilikuwa changu zamani. Nilimwachia na mashine na kiti, nikamwambia narudi baada ya wiki tatu. Nikarudi baada ya miaka tisa. Nilimkuta amekalia kiti changu, ana wateja wangu, na binti yangu, aliyefiwa na mama akiwa mdogo nami nikamwacha hapohapo, anakula mezani kwake na kumwita baba mdogo kwa sauti laini ambayo mimi sijawahi kuitiwa "baba". Nikapanga chumba cha mkabala. Ningefanyaje?

Kwa mwaka mzima nilimzidi kwa kitu kimoja. Programu yangu ilikuwa na kitufe cha kufuta ukimya. Unachukua hotuba ya mjomba wa watu, amejaa kusita na kumeza mate, unabonyeza mara moja, na programu inakata kila mahali pasipo na sauti, inavuta vipande, vinashikana. Mjomba aliyekuwa anababaika anatoka anaongea kama mtangazaji. Profesa kazi hiyo alikuwa anaifanya kwa mkono, kipande kwa kipande. Mimi nilikuwa naacha mlango wazi makusudi asikie ninavyopiga mluzi.

Jumanne moja akaniita. "Kaka, hebu njoo uone."

Programu yake ilikuwa imeleta toleo jipya. Kitufe ni kilekile. Hata alama yake, kile kiwimbi kilichokatwa katikati, ni ileile, wamebadilisha rangi tu.

"Wameiba," nikasema.

"Wameazima."

"Mtu akiazima hurudisha."

"Haya. Na ile ya kulinganisha rangi za kamera mbili, mliyoipata nyinyi mwezi uliopita? Hiyo iliota yenyewe kama uyoga?"

Ile kweli ilianzia kwake.

"Hizi programu zetu ni kama mawifi," akasema. "Hawasalimiani, lakini kijiko kikipotea huku, katafute kule." Akacheka peke yake. Nikarudi chumbani kwangu nikafunga mlango, na mluzi ukaishia siku hiyo.

Wiki mbili baadaye binti yangu akaolewa. Siku ya tatu baada ya harusi nikamsikia anapanda ngazi. Namjua kwa hatua zake, ni muuguzi, anatembea kama mtu anayesubiriwa. Akaupita mlango wangu. Akaingia kwa Profesa, akafungua mkoba, akamwekea mezani kadi zote za kamera zenye picha za harusi, alizozichukua usiku uleule.

Nikasimama mlangoni. "Mwanangu, na mimi huku hukuniona?"

"Nimekuona, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nimehariri harusi za watoto wa watu mpaka hesabu imenipotea. Ya kwangu napitwa?"

"Ndiyo sababu, baba." Akafunga mkoba. "Nakujua. Utajikata."

Profesa akajifanya anatafuta waya chini ya meza.

Binti alikuwa anaizungumzia hotuba yangu. Siku ile nilipopewa maiki nilisema, "Mwanangu," halafu nikakwama. Maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga wiki nzima, ila yalikataa kutoka. Watu wa meza za mbele wakaanza kutazama sahani zao. Mwisho nikasema, "Mungu awabariki," nikakaa. Profesa, aliyekuwa na kamera, akampa mwenzake aishike, akaja akaongea dakika tano bila karatasi. Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Nilipiga na mimi, viganja vikaniuma.

Sasa video hiyo ingeonyeshwa Jumapili nyumbani kwa maharusi, mbele ya mashemeji na mawifi wote. Nilitaka ile aibu itoke kabla haijaonekana. Na zaidi ya hapo, nilitaka itolewe na mkono wangu, si wa Profesa. Aniache nimeganda vile na yeye aonekane anavyong'ara? Usingizi haukuja vizuri wiki ile.

Alhamisi mchana Profesa akashuka kwenda kula. Chumba hafungi, hajawahi. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti ambacho bado nakiita changu, nikavaa hedifoni zake.

Nilijua nitahangaika. Katika programu yake kukata ni herufi nyingine, kurudisha nyuma ni nyingine, nimemtania miaka yote kwamba anapiga kinanda kwa miguu. Lakini nilipoweka vidole, vikaenda vyenyewe. Kukata kulikuwa mahali pake. Kusogeza, kufuta na kuunga, vyote vilikuwa kama kwangu. Nikafungua mipangilio. Hizi programu zinapogombania wateja, kila moja huweka humo ndani vitufe vya mpinzani wake, ili anayehama asipate shida. Profesa alikuwa amechagua vitufe vya programu yangu. Nikatazama kibodi yenyewe: herufi zilizofutika kwa kubonyezwa ni zilezile zilizofutika kwenye yangu.

Sikuwa na nafasi ya kulifikiria hilo. Nikaitafuta hotuba. Ukimya wangu ulikuwa pale mzima, hajaugusa. Sekunde arobaini na moja. Nikauwekea kile kitufe kipya chake, nikabonyeza.

Ulipotea mara moja. Nikaisikiliza. "Mwanangu, Mungu awabariki." Mzee fulani mwenye heshima zake, hana maneno mengi. Nilimpenda yule mzee.

Ila jicho la kazi lina matatizo yake. Kwenye "mwanangu" nilionekana kutoka kushoto. Kwenye "Mungu" kamera ilikuwa inarejea kwangu kutoka upande mwingine kabisa. Kwa hiyo katikati ilikwenda mahali. Nikajiuliza, Profesa alikuwa anamtafuta nani? Nikarudisha kilichofutwa, nikaongeza sauti, nikatazama.

Sekunde ya kumi na mbili kamera inaniacha. Inapita juu ya meza, inampata binti yangu, inatulia. Ananitazama, mikono amebana magotini. Kisha midomo inacheza. Nikaongeza sauti hadi mwisho.

"Taratibu, baba," alikuwa ananong'ona. "Nipo. Siendi popote."

Sikuwa nimemsikia siku ile. Wala programu haikumsikia. Kitufe hakijui mnong'ono. Sauti ikiwa chini ya kiwango, kwake ni kimya tu, kinakata. Nikakumbuka wajomba wote wale niliowanyoosha nikipiga mluzi, nikajiuliza ni akina nani walikuwa wakiwanong'oneza.

"Umeikata?"

Profesa alikuwa mlangoni, amebeba chakula kwenye mfuko. Wala hakuonekana kushangaa.

"Nimeikata. Nimeirudisha."

"Mimi niliikata na kuirudisha mara mbili," akasema. Akaweka mfuko juu ya kabati. "Jumatatu na jana."

"Wewe kwa nini? Wewe si ndiye uliyepigiwa makofi?"

"Makofi." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nimemlea miaka tisa, kaka. Nimemfundisha baiskeli, nimekesha naye hospitali. Nimeongea dakika tano nzima, nimeikagua ile picha fremu kwa fremu. Kwangu hakunong'ona kitu."

Nilitaka kusema neno jema, nikakwama tena. Siku hizi imekuwa tabia. Nikamwuliza lililokuwa karibu. "Vitufe vyangu ulivichukua lini?"

"Sikuvichukua. Nilijifunzia kwenye mashine uliyoniachia. Nilipohama programu, mikono ilikataa kuhama." Akanigusa bega niinuke. "Toka kwenye kiti changu, chakula kinapoa."

"Nipe hicho kipande. Niweke kwangu."

"Utakiona Jumapili na wenzako."

"Profesa."

"Jumapili, kaka."

Jumapili tukajazana kwenye sebule yao mpya, wengine chini kwenye mkeka. Nilikaa nyuma. Ilipofika "Mwanangu", sekunde zote arobaini na moja zikapita, moja moja, na hakuna aliyetazama sahani. Profesa alikuwa ameupandisha ule mnong'ono, si sana, kiasi cha kusikika. Wifi mmoja akapangusa macho kwa upindo wa kanga. Binti yangu hakuwa anatazama skrini. Alikuwa amegeuka, ananitafuta nyuma ya vichwa vya watu, mpaka akanipata.

Nikamtazama Profesa. Alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Na nikiri tu, maana nimezeeka kwa kusema uongo: nilimwonea huruma, lakini kwanza nilifurahi.