Ekseli ya Mzee Kola

Fundi cherehani yule walimwita Mzee Kola, na jina hilo alilipata kwa haki. Ukimpelekea shati lililochakaa shingoni hakushonei kola nyingine. Anaifumua ileile, anaigeuza upande wa ndani uwe wa nje, anaishona tena, na wewe unatoka pale umenyanyua shingo. Kwa miaka thelathini aliishi kwa imani hiyo moja, kwamba kila kitu kina upande wa pili ambao haujatumika. Aligeuza mapazia, akageuza magodoro, akageuza hata zulia. Mkewe alikuwa akisema anamshukuru Mungu yeye hana mishono, la sivyo angekwisha kugeuzwa zamani.

Nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati, kulikuwa na gari. La zamani hasa, la taa za mviringo na boneti ndefu. Alilinunua bovu mwaka aliozaliwa binti yake, kitinda mimba, na tangu siku hiyo likakaa juu ya mawe manne. Akipata kitu ananunua kitu: mwaka huu kioo, mwaka ujao breki. Injini ilifufuka mtoto akiwa darasa la sita. Viti alivishona mwenyewe, na hapo hakuna wa kumfundisha. Binti alikulia humo. Alifanyia hesabu zake kiti cha nyuma, akifeli analilia humo, akifaulu anachekea humo. Siku moja, ana miaka saba, kashika usukani na miguu haifiki chini, baba yake akamwambia kwamba siku atakayotoka nyumbani kwenda kuanza maisha yake, atatoka ndani ya gari hili, na dereva atakuwa baba mwenyewe. Watoto husahau mengi, lakini ahadi ya mzazi hawaisahau.

Basi siku yenyewe ikafika. Binti alipata kazi ya ualimu mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na alitakiwa aondoke Jumamosi asubuhi. Barua ilikuja Jumatatu. Mzee Kola aliisoma, akaikunja, akaenda bandani akakaa kwenye kiti cha dereva hadi chai yake ikapoa. Gari lilibakiza kitu kimoja tu ili liweze kumfikisha stendi, ekseli ya nyuma. Ile liliyokuja nayo, meno ya difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli linalopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu, yalikuwa yamelika yote.

Kesho yake, futi yake ya ushonaji ikining'inia shingoni, akaenda kwa Mama Chuma, mwanamke wa kauli fupi anayeuza vyuma chakavu. Ekseli za kumfaa mtu mwenye mfuko mwepesi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilitoka kwenye gari la mizigo. Aliipima toka ngoma ya breki hadi ngoma ya breki kama anampima mtu mabega, ikazidi vidole vinne. Matairi yangechungulia nje ya madigadi. Ya pili ilikuwa ya pikapu, na upana ulifaa. Mama Chuma akamwonyesha namna ya kuikagua. Unaweka alama ya chaki kwenye shingo inayopokea propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye injini, unazungusha ngoma zote mbili kwa pamoja mzunguko mmoja, unahesabu shingo imezunguka mara ngapi. Mzee Kola akatoa chaki yake ya kuchorea suruali. Shingo ikazunguka mara tano na ushei. Hiyo ni ya kupandisha mawe mlimani, Mama Chuma akamwambia. Kwenye kigari chako injini itapiga kelele na mwendo hutauona. Ya tatu ilizunguka mara nne kasoro kidogo. Upana wake ulikuwa uleule, haukuzidi hata unywele. Mzee Kola alitaka kumkumbatia Mama Chuma, akajizuia.

Ila ilikuwa na kasoro, na Mama Chuma, apewe haki yake, hakuificha. Kwenye gari ilikotoka, springi zilipita juu ya ekseli, kwa hiyo vile vikalio vya chuma vinavyoshikana na springi vilichomelewa upande wa juu. Kwenye gari la Mzee Kola springi zilipita chini. Ilibidi vikalio vikatwe, vichomelewe upya upande wa pili, na mchomeleaji wa kuaminika alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa safarini hadi Jumanne ijayo. Mama Chuma alimsihi asubiri, kazi hiyo haitaki papara. Sikio la kufa halisikii dawa. Mzee Kola alikuwa ameshaitazama ile ekseli kwa jicho lake la ufundi, na jicho lile lilikuwa limeona kola.

Vikalio viko juu? Ipindue ekseli, vitakuwa chini. Hakuna kukata, hakuna kuchomelea, hakuna kumsubiri shemeji. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anapiga mluzi.

Siku tatu hakugusa sindano. Mkewe alishika jeki, akashika spana, akaushika na ulimi wake kwa taabu kubwa. Ekseli ikaingia chini ya gari, vikalio vikakaa juu ya springi sawasawa, bolti zikakazwa. Kilicholeta ubishi ni kile kitundu ambacho difu hupumulia. Sasa kilikuwa kimeangalia chini, na oili ikaanza kudondoka. Mkewe akauliza ni kiumbe gani anayepumulia chini. Mzee Kola akachonga kizibo cha mti, akakiziba, akajibu kwamba hata shati la kugeuzwa haliachi kubaki na uzi mmoja.

Ijumaa alasiri, gari likiwa bado limenyanyuliwa, akawasha, akatia gia ya kwanza. Magurudumu ya nyuma yakazunguka kimyakimya, bila kuyumba. Binti akapiga makofi. Mama akafuta machozi, akasingizia moshi. Wote watatu walisimama wakiyatazama magurudumu yale, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza yanazunguka kuelekea wapi.

Jumamosi asubuhi majirani walilisukuma gari hadi katikati ya ua, pua ikatazama lango. Sanduku likaingia kwenye buti, mama akakaa nyuma, binti akakaa mbele. Mzee Kola alivaa shati lake jeupe la siku kubwa. Akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akaachia.

Gari likarudi nyuma. Lilirudi kwa adabu kabisa, likakata kamba ya nguo, likaburuta mashuka mawili, likaingia bandani na kutulia katikati ya mawe yake manne. Watu wakadhani kakosea gia. Yeye pia alidhani hivyo. Akatia ya pili, likagonga bati la ukuta wa nyuma.

Hapo ndipo alipoelewa. Kola ina nyuso mbili, difu ina uso mmoja, na ukiipindua, kila unaloliambia gari linafanya kinyume. Alikuwa ametengeneza gari lenye gia nne za kurudi nyuma. Majirani walikuwa wanacheka hadi kushikana mabega, na hakuwalaumu. Lakini binti yake alikuwa kando yake na sanduku liko kwenye buti. Miaka ishirini na mbili, na mwisho wake ndio huu. Bila kumtazama akamwambia akaite teksi, muda unakwenda.

Binti hakushuka.

"Baba," alisema, "jaribu rivasi."

Akajaribu. Gari likanguruma, likatetemeka, likaenda mbele. Likatoka bandani, likapita langoni na shuka moja bado linaburuzika, likaingia barabarani kwa mwendo wa mtu anayetoka kula. Hakukuwa na gia nyingine ya kuongeza. Baiskeli zikawapita. Mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani akawapita, akawaamkia, akawaacha. Mama aliposhindwa kuvumilia alishuka, akanunua maji ya kunywa ya safari, akawakuta palepale.

Mama alipokuwa nje, wakabaki wawili. Mzee Kola alishika usukani kwa mikono yote miwili.

"Sitaki uende," alisema. "Nimefurahi umepata kazi, nimejivuna mpaka wateja wamenichoka. Lakini sitaki uende."

Binti akamshika mkono mmoja palepale juu ya usukani.

"Najua, baba. Hebu lihesabu gari lako. Kuondoka nyumbani lina gia moja. Kurudi lina nne." Akajifuta macho kwa kiganja. "Na mimi ndivyo nilivyo. Wewe ndiye uliyenishona."

Mzee Kola alikuwa na kazi ya kuiona barabara.

Walifika stendi basi likiwa linapakia mizigo ya mwisho. Dereva wa basi, aliyekuwa amewaona wakija tangu mbali, alimpa binti kiti cha mbele, karibu na kioo. Wakaagana haraka, maana kuagana taratibu walikuwa wamekwisha kufanya njiani.

Kurudi sasa. Mzee Kola akatia gia ya kwanza, na gari likaanza kwenda nyumbani kinyumenyume, mkewe amepiga magoti kiti cha nyuma, anatazama kioo cha nyuma na kumwongoza: kulia, kushoto kidogo, simama, kuna mbuzi. Mara basi likatoka stendi na kufuata barabara ileile. Likawa linakuja nyuma yao, au tuseme mbele yao, uso kwa uso, na kwenye kioo kikubwa alikuwa amekaa binti yake. Dereva wa basi alipiga honi mara moja, kisha naye akaelewa, akapunguza mwendo.

Mkewe alimwambia asogee pembeni awapishe. Mzee Kola akatia gia ya pili, akaongeza mafuta, akaendelea kurudi nyuma mbele ya basi lile, macho yake kwa mwanawe, hadi njia panda.