Mfuniko wa Mkebe wa Biskuti

Funguo zilianguka sakafuni. "Okota," Sjoukje akasema kwa sauti ya kusikika, na wakati huohuo kidole chake kikainama kidogo pembeni ya goti. Douwe, mbwa mweusi mwenye kidevu kilichoota mvi, alikuwa akikitazama kidole hicho tu. Akaziokota, akaziweka mapajani mwa Sjoukje, akakaa.

Wietske, mkaguzi wa chama kinachotoa mbwa wasaidizi, akatia alama kwenye karatasi. Ikafuata soksi ya kuvuliwa, mlango wa kufunguliwa kwa kamba, simu ya kuletwa. Kila amri Sjoukje aliitoa mara mbili: kwa mdomo kwa ajili ya mkaguzi, kwa kidole kwa ajili ya mbwa.

Maana Douwe alikuwa kiziwi. Mwezi wa pili Sjoukje aliteleza bafuni kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, akaita mpaka koo likakauka, na mbwa akaendelea kusinzia sebuleni. Sjoukje alilala kwenye vigae tangu asubuhi hadi alasiri, Douwe alipokuja mwenyewe kumtafuta. Hakumwambia mtu. Chama kingemstaafisha mbwa, na mbwa mstaafu haachwi kwa mgonjwa wa misuli anayeishi peke yake. Hupelekwa kwa familia yenye bustani. Mwingine angekuja, baada ya kusubiri miaka miwili. Kwa miaka minane Douwe ndiye aliyekuwa mikono yake. Ni ukatili kuambiwa mikono yako imezeeka, tutakuletea mingine.

"Amefaulu," Wietske akasema, akifunika kalamu. "Mzee ana nguvu kuliko mimi."

"Kuliko wewe hata mimi nina nguvu," Sjoukje akamjibu, wakacheka. Akamvua Douwe kizibao cha kazi, na mbwa akajilaza chini ya meza, amewapa mgongo.

Kwetu katika jimbo la Friesland mgeni hupewa kahawa na biskuti moja, kisha mkebe unafunikwa. Hata mchungaji wa kanisa hapati ya pili. Lakini siku hiyo furaha ilimtia Sjoukje ujinga. Akauvuta mkebe tena, akaufungua.

"Chukua nyingine, binti. Leo sikukuu."

Wietske alishangaa, akachukua. Vidole vya Sjoukje, ambavyo kwa saa hizo vilikuwa vimeshachoka, vikashindwa kuushika mfuniko. Bati likaanguka kwenye vigae nyuma kidogo tu ya kichwa cha Douwe, likalia, likazunguka, likalia tena mpaka likatulia.

Wietske mwenyewe alishtuka. Douwe hakutikisa hata sikio.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sjoukje ilikuwa imefika mwisho chini ya meza yake mwenyewe.

"Tangu lini, Mama?"

"Akilala huwa hasikii."

"Mama."

Sjoukje akatazama dirishani. "Tangu baridi ilipoanza."

"Na ungeanguka?"

"Nilianguka. Nikasubiri. Kusubiri ndiyo kazi ninayoijua."

Wietske akafungua kalamu na kuikata alama aliyoitia. Akaeleza kwamba kuna familia mjini Sneek, watu wazuri, wana bustani hadi mtoni, na kwamba Mama ataruhusiwa kwenda kumwona. Aliyasema yote hayo kwa upole. Sjoukje alimchukia kwa moyo wote, yeye na upole wake, na akaichukia zaidi ile biskuti.

Douwe akaamka, akajinyoosha, akaona bati limelala sakafuni. Hakuwa na kizibao, na hakuna aliyemwamuru. Bati halishikiki kwa meno; likamteleza mara mbili, likikwaruza vigae. Mara ya tatu akalipata. Akaliweka mapajani mwa Sjoukje, akakaa, akaangalia kidole.

"Hodari," Sjoukje akasema kwa sauti, kama chama kilivyomfundisha. Kisha akauinua mkono mbele ya Wietske, bila kuficha tena, akakikunja kidole. Mkia ukapiga sakafu.

Akauchukua mfuniko kwa mikono miwili na kuukandamiza juu ya mkebe mpaka ukakaa. Wietske alibaki na biskuti ya pili mkononi, hajaiuma, na hakuona pa kuiweka.