Salamu za Kila Asubuhi kwa Henrik

Henrik Lohmann, Mjerumani wa mashindano ya kuruka majini, alikuwa na medali mbili za shaba na wafuasi milioni nne mtandaoni. Wafuasi hao hawakufuata medali. Walimtazama akijirusha kutoka jukwaa refu kama ghorofa, ajipindue hewani, aingie majini kichwa mbele bila kurusha tone, na wengine, tuseme ukweli, walifuata kifua.

Mwanatumu wa Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya karibu na Diani, hakuwa na haja na kifua. Alikuwa mjane, na bintiye Salwa alikuwa ameolewa Lunga Lunga. Kabla ya kwenda, Salwa alimwachia simu na kumfungulia akaunti kwa jina na picha yake yeye Salwa, maana mama hakutaka uso wake uanikwe mbele za watu. Mwanzoni binti alipiga kila siku. Kisha kila Ijumaa. Kisha ikawa mama ndiye apigaye, na simu huita mpaka ikakatika.

Henrik, aliyemkuta siku moja kwenye simu hiyo, hakukosa. Kila asubuhi alitazama kamera akasema "Guten Morgen", maneno ambayo Mwanatumu aliyajua tangu alipokuwa akiwauzia watalii leso Diani. Sasa, mtu aliyelelewa Gazi akisalimiwa haachi kuitikia. Hata mgomvi wako, salamu yake huitikiwa. Mwanatumu akawa anaandika, na tangu Henrik ajitokeze bega limefungwa bandeji hakusahau kuliulizia: "Salama, mwanangu. Umeamkaje? Bega lina nafuu?" Mtandao humtafsiria Henrik, naye huweka alama ya moyo. Basi Mwanatumu akajihesabia kwamba ana mtu wa kujuliana naye hali.

Mwishowe bega lilimshinda. Henrik alitangaza kwamba haruki tena, na baada ya siku chache akaweka picha ya hoteli moja ya Diani. Mwanatumu alishtuka: mgeni wake kafika, na hakuna aliyempokea. Akapika samaki wa kupaka na wali wa nazi, akavaa buibui, akaenda.

Karisa, mhudumu aliyekijua Kijerumani, alibembelezwa sana kabla ya kumfikisha bwawani. Henrik alikuwa ameketi peke yake, miguu majini. Alipomwona mama yule alisimama upesi, akajiweka ubavuni pake, akatabasamu na kungoja apigwe picha. Mwanatumu hakuwa na simu mkononi, alikuwa na bakuli. Tabasamu lilikaa pale pale mpaka likachoka.

"Mwambie nimekuja kumjulia hali," Mwanatumu alimwambia Karisa. "Natoka Gazi, kwa Salwa, yule wa kila asubuhi."

Henrik alichangamka mwili mzima. Akatazama nyuma ya bega la Mwanatumu, kule langoni, huku akisema kwa haraka. Karisa alitafsiri akiwa ameinamisha macho: wafuasi wote walikuwa wakiuliza ataruka tena lini, na Salwa peke yake ndiye aliyeulizia bega. Akaunti yake inasema anakaa Gazi, ndiyo maana amekuja pwani hii kwa ajili yake. Yuko wapi?

Mwanatumu aliumia. Kijana alikuwa akiusubiri uso wa kwenye picha, na macho yale aliyokodolea lango aliyajua, ndiyo yake mwenyewe akiitazama simu isiyolia. Angesema ni yeye, angeuona uso ule ukizimika mbele yake, na hilo hakuliweza.

"Mwambie Salwa kaolewa," alisema. "Mwambie anamsalimu sana."

Karisa akatafsiri. Henrik akaitikia kwa kichwa polepole, akashukuru, akalipokea bakuli. Na kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, Mwanatumu akaaga.