Kivuli cha Mastura Kimebaki Muleba

Jumatatu asubuhi, jua lilipokwisha kupanda juu ya migomba ya Ijuganyondo, pale Bukoba, Mastura alikuwa uani kwa mama yake anaanika mashuka. Alikuwa amemaliza fildi, mafunzo ya kazini ya chuo, Ijumaa na sasa alikuwa mtu wa nyumbani. Jirani yao Jesca, ambaye tangu azaliwe hajapita mlango wa watu bila kuingia, alikuja kuomba kaa la moto, akavuta kigoda, akaanza habari za harusi ya Jumamosi: nani alicheza, nani alikaa amenuna, nani aliondoka na nyama kwenye mkoba. Katikati ya maneno akatazama chini.

"Mastura, shuka lina kivuli, kamba ina kivuli. Wewe chako kiko wapi?"

Mastura akatazama. Miguuni pake palikuwa na udongo mwekundu tu, umefagiliwa vizuri. Akainua mkono, udongo haukubadilika.

"Sijui," alisema. "Ijumaa nilikuwa nacho."

"Utakuwa umekisahau kwenye gari. Watu wanasahau vitu kwenye magari ya Muleba, usione. Mimi nilisahau kuku."

Mama yake, Hafidha, alitoka jikoni na kisu cha kumenyea ndizi mkononi. Akamtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka chini, akamwambia amalizie mashuka kabla mvua haijafika.

Saa nne simu ikalia. Alikuwa Petronila, dada wa mapokezi katika ofisi aliyofanyia fildi, mwanamke mwenye kutafuna kahawa kavu kutwa nzima, kiasi kwamba hata kwenye simu unamsikia akihamisha punje toka shavu hili kwenda lile.

"Mdogo wangu, za mapumziko? Kivuli chako kipo huku. Nimekikuta mezani kwako, kimeshafungua madirisha."

"Kinafanya nini?"

"Si kazi! Leo wamefurika wakulima wa Kimwani, kinawaandikisha mmoja mmoja. Hakichoki. Nikiambie nini?"

Mastura akanyoosha shuka kwenye kamba.

"Kisalimie tu, dada."

Ofisi yenyewe ilikuwa ya shirika dogo linalogawa miche ya kahawa kwa wakulima wa wilaya ya Muleba. Mtu anatoka Rubya au Kimwani, anataja jina na kijiji, anaingizwa kwenye kompyuta, anaambiwa siku ya kuja kuchukua miche yake. Kazi hiyo ndiyo Mastura aliifanya msimu mzima wa mvua bila malipo, kama wanavyofanya wanachuo wote.

Aliifanya kama alivyofundishwa. Pale chuoni Bukoba walikuwa na somo la Stadi za Ajira, na mwalimu wake alikuwa Bwana Rugaibula. Aliwafundisha namna ya kuingia kwenye chumba cha usaili, mahali pa kuweka mikono, na namna ya kutaja udhaifu ambao ukiuangalia vizuri ni sifa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusailiwa. Shemeji yake alikuwa na kiti kwenye bodi ya chuo, na jambo hilo lilijulikana mpaka kwa wauza maandazi wa getini. Hakuna aliyemlaumu. Alikuwa anafundisha vizuri.

"Fildi ni usaili mrefu," alizoea kusema. "Fanya kazi namna ambayo siku ukiondoka wataona pengo."

Basi Mastura akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Alichemsha chai ambayo haikuwa zamu yake. Alijifunza koo za wakulima ili asiwachanganye akina Buberwa wa kijiji hiki na wale wa kijiji cha pili. Bosi wake, Bwana Bartholomayo, akimhitaji mtu hakuita jina, aliita "binti," na binti alikuwa yeye.

Alipomweleza Bwana Rugaibula habari za kivuli, mwalimu aliinama, akaangalia sakafu ya ofisi yake, akampa mkono.

"Hongera. Wenzako huacha namba ya simu. Hilo liandike kwenye wasifu wako, kwenye Mafanikio. Usiliweke chini sana."

Mastura akaliandika.

Wiki hiyohiyo tangazo likatoka: shirika lile la Muleba lilikuwa linatafuta karani wa kuandikisha wakulima. Ukisoma sifa zilizotakiwa ulikuwa kama unasoma wasifu wake. Kwa Mastura ilikuwa ni nafasi hiyo au dagaa. Mjomba wake Muharami, mnunuzi wa samaki kwenye kisiwa kimoja upande wa Muleba, alikuwa ametangaza mbele ya familia kwamba mtoto akikosa kazi atakwenda kwake kuanika dagaa. Na mjomba Muharami hasemi kitu hewani. Ndoo za mpwa wake alikwisha kuzinunua, za rangi ya bluu.

Jioni ya siku ya tangazo nyumba ya Hafidha ilijaa, kama kawaida yake. Jesca alikuwepo, mashangazi walikuwepo, na wapangaji wawili wa chumba cha uani waliokuwa wameleta viti vyao wenyewe. Taa ya sebuleni ilitupa vivuli vya watu ukutani, vimebanana, na penye Mastura palikuwa peupe. Walipokwisha kula ndizi, Hafidha akanawa mikono, akauliza.

"Siku ya mwisho nani alikusindikiza?"

"Hakuna. Bosi alikuwa kwenye simu. Alinipungia mkono."

Sebule nzima ikaguna.

"Kukupungia!" alisema Jesca. "Kama anafukuza inzi."

"Mimi nimezaliwa Kimwani," alisema Hafidha, "na kwetu mgeni hajiondokei tu. Mwenye nyumba anainuka, anatembea naye mpaka mwisho wa kibanja, migomba inapoishia, ndipo anamruhusu. Hukuruhusiwa, mwanangu. Wewe umekuja nyumbani, lakini ile sehemu yako yenye adabu imekaa pale inasubiri mwenye nyumba ainuke."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Umwombe akusindikize. Ni jambo dogo, waitu. Mpaka getini panatosha."

Mashangazi wakakubaliana kwamba ni jambo dogo, mazungumzo yakahamia kwa mtu aliyeoa kimyakimya kule Kashai.

Siku ya usaili Mastura alifika Muleba mapema, viatu amevifuta kwa jani la mgomba. Petronila akampa punje za kahawa, naye akazipokea kwa mikono miwili. Kisha Petronila akamwelekeza kwa kidevu upande wa kioo kinachotenga ukumbi na ofisi ya bosi. Kivuli kilikuwa mezani, kimekaa wima. Vitufe vya kompyuta vilikuwa vinazama na kuinuka. Mbele yake mzee mmoja wa Rubya alikuwa anataja majina ya wanawe kwa sauti ya juu, kama watu wanavyofanya wakiongea na mtu wasiyemwona uso.

"Kinaendeleaje?" aliuliza Mastura.

"Vizuri tu. Kukiwa na mawingu ndiyo kinapungua nguvu, majina yanaingia nusunusu. Siku hizi nakiwashia taa. Umeme ukikatika na mvua ipo, hapo sasa tunawaambia watu warudi kesho."

"Kinakula?"

"Kula wapi! Hata chai hakigusi. Bosi anakipenda kwa hilo."

Ndani walikuwa watatu nyuma ya meza, Bwana Bartholomayo katikati. Mastura aliingia kama alivyofundishwa na kukaa kama alivyofundishwa. Wakamuuliza habari za miche, akajibu. Wakamuuliza afanyeje wakulima wakigombea foleni, akajibu, na mmoja wa wasaili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakamuuliza udhaifu wake.

"Nikianza kazi siwezi kuiacha."

Wote watatu wakageuka kidogo kuelekea kioo, wakageuka tena. Hakuna aliyeandika kitu.

"Binti," alisema Bwana Bartholomayo, "nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ni mtoto wa hapahapa. Kati ya wote tuliowaona leo, wewe ndiye bora. Tatizo ni kwamba kazi inafanyika."

"Na tangazo?"

"Wafadhili wanataka nafasi itangazwe. Tumeitangaza. Lakini hebu jiweke upande wangu. Nitamwajirije mtu, na meza haina pengo?"

"Na kile kinalipwa?"

"Kivuli?" Hakuuliza kwa dharau, aliuliza kama mtu anayetaka kueleweshwa. "Kingelipwaje, binti? Hakina hata kitambulisho cha taifa."

Wenzake wakakubali kwamba kwa kweli hakina.

"Ila milango iko wazi," aliendelea. "Ukitaka kuja kujitolea, karibu hata kesho. Mtasaidiana."

Mastura akashukuru, akasimama. Moyoni hakusikia kitu kikubwa, moyo ulikuwa na ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Alipofika mlangoni akakumbuka alichotumwa.

"Bosi, naomba unisindikize mpaka getini."

"Hilo tu? Bila shaka." Bwana Bartholomayo alikuwa Mhaya mwenye malezi. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akamtangulia kufungua mlango, wakatoka wote wawili hadi kwenye ukumbi wa mapokezi. "Mama yako hajambo? Na mvua huko Bukoba?"

"Hajambo. Inanyesha, bosi."

Walipopita kwenye meza, vitufe vilinyamaza. Mzee wa Rubya aliacha jina la mwanawe katikati. Kivuli kilisukuma kiti nyuma taratibu, kikasimama, kikajinyoosha mabega namna ileile anayojinyoosha Mastura akimaliza kazi, kikaanza kuja upande wao. Mastura aliona vidole vyake vikitambaa sakafuni kuelekea kiatu chake. Ilibaki hatua moja.

Bwana Bartholomayo naye aliona. Aliitazama meza tupu. Aliitazama foleni ya wakulima iliyotoka nje hadi kwenye ngazi. Petronila aliacha kutafuna.

"Unajua nini, binti," alisema, huku mkono ukiingia mfukoni kutafuta simu ambayo haikuwa imelia. "Kuna mtu inabidi nimpigie. Tutasindikizana siku nyingine. Wewe si mgeni hapa."

Akarudi ndani. Kivuli kilisimama pale kidogo, kama mtu aliyesikia anaitwa kisha akagundua kwamba ni mwingine. Kikarudi mezani, kikavuta kiti. Mzee wa Rubya akalianza upya jina la mwanawe.

Mastura akatoka peke yake. Jua lilikuwa kali, geti lina kivuli, mlinzi ana kivuli.

Hakwenda kujitolea. Alikwenda kisiwani kwa mjomba Muharami na ndoo za bluu. Wavuvi wa kule, watu waliotoka kila pembe ya ziwa, walimtazama siku ya kwanza, wakaona hana kivuli, wakampa nafasi ya katikati ya uwanja wa kuanikia. Mjomba aligundua kwamba dagaa za Mastura zinakauka vizuri kuliko za wengine, maana akiinama kuzigeuza hazikingii jua. Alimsifu kwa watu. Mastura aliposikia anasifiwa aliendelea kugeuza.

Mara mojamoja Petronila alipiga simu. Wanachuo wengine walikuwa wamekuja kufanya fildi, alisema, na siku ya kuondoka bosi alikuwa kwenye simu. Sasa ofisini mchana kuna giza kidogo. Gari la miche limeongezwa. Wafadhili wamefurahi, wamepiga picha na wakulima.

Mei Mosi Mastura alivuka kuja Bukoba kumwona mama yake. Wakaenda pamoja kutazama maandamano, na nusu ya Ijuganyondo ikaenda nao. Walisimama kando ya barabara ya kuingia uwanjani. Walimu walipita, wauguzi wakapita, wazima moto wakapita na gari lao. Kisha likaja shirika la Muleba, Bwana Bartholomayo ameshika upande mmoja wa bango, Petronila amevaa fulana mpya na kofia. Kati ya Petronila na dereva wa gari la miche, kimelala juu ya lami, kirefu kwa sababu ya jua la asubuhi, kikapita kivuli. Kipaza sauti kikataja mfanyakazi hodari wa shirika, na jina lililotajwa lilikuwa la Mastura.

"Mtoto wa Hafidha huyo!" alipiga kelele Jesca, na wanawake wa Ijuganyondo wakapiga vigelegele mpaka polisi mmoja akageuka.

Watu walikuwa wanapiga makofi, Mastura naye akapiga. Kivuli kilipofika mbele yake kilipita juu ya miguu yake, na kwa muda ule miguu ikasikia ubaridi kidogo, na mtu asiyejua angesema ni kivuli chake, kimekaa mahali pake. Kisha maandamano yakasogea, nacho kikasogea nayo.

Nyumbani Hafidha alipika pilau. Waliokuja kupongeza walikuwa wengi mpaka wengine wakala wamesimama. Walimpa mkono Mastura, wakamwambia amewatoa kimasomaso, wakamuuliza habari za kisiwani kwa sauti ya chini, kama unavyomuuliza mtu mwenye kazi nzuri habari za kibarua chake cha pili. Jesca alimvuta pembeni, sahani mkononi.

"Mastura, mwenetu, pale kwenu Muleba nafasi zipo? Sumaiya wangu yuko mwaka wa mwisho, anatafuta pa kufanyia fildi."

"Za fildi zipo," alisema Mastura. "Hazijai."

"Basi mwombee."

Mastura akampigia Petronila palepale, katikati ya kelele za watu. Petronila akasema aje tu, ila aje na kiti, vya ofisini vimekaliwa. Jesca akafurahi, akachukua mwiko kwa mkono wake mwenyewe, akamwongezea Mastura pilau na nyama.

Jumatatu Sumaiya akaanza.