Shati Lililokuja Safi

Haya niliambiwa na shangazi yangu mkubwa, tukifua pamoja, mwaka ule nilipoachishwa shule nikae na wadogo zangu. Naye aliyapata kwa waliomtangulia. Alipofika penye shati aliacha kufikicha, akautoa mkono majini, akautazama kwanza, ndipo akaendelea.

Shati la mfalme lilikuja safi.

Dobi, mama mmoja mjane, alilitoa kapuni, akalikunjua juu ya jiwe, akalileta puani kama alivyofanya kila asubuhi tangu mfalme alazwe na homa. Siku zote kola ilikuwa na mstari wa manjano, na mgongo ulinuka jasho zito la mgonjwa. Leo hapakuwa na kitu. Mtu alikuwa amelifinyanga kwa mikono ili likunjamane, kisha akalimwagia dawa kifuani. Lakini dawa ilikauka upande wa nje tu. Ndani kitambaa kilikuwa cheupe, hakijagusa ngozi ya mtu.

Asiyetoka jasho la homa amepona au amekufa, na aliyepona hafichwi. Akainama haraka juu ya pipa, kama anayepima moto wa maji.

"Limechafuka sana leo?"

Alikuwa msimamizi wa chumba cha mfalme, amesimama nyuma yake. Mtu yule hakuwa na kawaida ya kukanyaga ua wa kufulia. Kapu lilishushwa na watumishi. Na dobi alikumbuka kinyozi wa mfalme, aliyepanda ngazi na wembe wake na hakuonekana akishuka. Mke wa kinyozi alipouliza langoni aliambiwa arudi nyumbani na asiulize tena.

"Limechafuka, bwana," alisema dobi. "Jasho la homa lina ukaidi. Hili litataka majivu mara mbili."

"Basi lifue vizuri."

Akalifua. Alichemsha maji ya majivu, akalichovya, akalipiga juu ya jiwe, akafikicha kola isiyo na doa mpaka vidole vikachubuka, na muda wote alihisi macho ya yule bwana yakimtambaa mgongoni. Akasuuza, akakamua, akalianika kwenye kamba ya juu, mikono ikining'inia. Ndipo yule bwana akaondoka.

Sasa elewa mji ulivyokuwa. Babu wa mfalme aliteka nchi kutoka baharini hadi jangwani. Baba yake akapoteza nusu. Yeye alibakiwa na mji na mashamba yaliyouzunguka, na adui walikuwa njiani. Mtaa wa juu walisali kwa kengele. Mtaa wa chini waliitana kwa sauti kutoka mnarani. Katikati waliishi wachache waliowasha taa zao jioni ya kuamkia siku yao ya mapumziko. Hawakupendana, ila kila mmoja alimwogopa mfalme kuliko alivyomchukia jirani. Baba yake alipokufa malango yalifungwa, na kabla mrithi hajaingia, mitaa ililana. Dobi alikuwa mke mchanga wakati ule. Mumewe aliletwa juu ya mkokoteni, na shuka alilofunikwa ilibidi alitupe, maana doa halikutoka.

Na sasa binti yake wa pekee, mwenye mimba kubwa, alikuwa ameolewa mtaa wa chini. Kwa watu wa mnara binti yule alikuwa mgeni, kwa watu wa kengele alikuwa msaliti. Kusema neno moja kungemfanya dobi amfuate kinyozi, na moto wenyewe ungewaka kabla ya jua kutua. Kunyamaza kulikuwa kumwacha binti ndani ya kuta.

Alijifuta mikono, akachukua kapu tupu, akashuka mtaa wa chini.

Mkwe wake, mama wa mkwewe wa kiume, alikuwa kizingitini akisokota nyuzi.

"Karibu, mkwe. Mbona mapema? Au mfalme kaamua kujifulia mwenyewe?"

Siku nyingine wangecheka wote wawili mpaka washikane mabega. Dobi alikwenda kusimama katikati ya ua, pale ambapo majirani wangesikia, akapaza sauti ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia.

"Nimekuja kumchukua mwanangu."

"Umpeleke wapi?"

"Kwa mjomba wake. Mimi nilimwoza, sikumtupa jalalani. Tumbo lile lote mnamlaza kwenye mashuka machafu, yananuka mpaka barabarani."

Binti akatoka ndani, mkono kiunoni. "Mama, una nini leo? Umekunywa?"

Vichwa vya majirani vilishachomoza. "Dobi kaishiwa nguo huko juu," mmoja alisema, "kaja kuzichokoza za watu." Wakaangua kicheko. Mume wa binti, mfua shaba, akaja mbio na nyundo yake, akabaki kinywa wazi.

Msokota nyuzi aligeuka akayatazama mashuka kambani. Yalikuwa meupe pe. Dobi mwenyewe ndiye aliyeyafua, akayaleta yamekunjwa vizuri kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa, na wakala mkate pamoja siku hiyo. Akamtazama mwenzake, mdomo unatukana na macho yanaomba. Akatazama vile vidole vilivyochubuka. Kisha, polepole, akainua uso kuelekea juu kwenye nyumba ya mfalme, na uzi ukamkatikia mkononi.

"Ndiyo, machafu," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akaipandisha ikaishinda ya dobi. "Machafu, kwa sababu mwanao ni mvivu. Mchukue. Mchukue leo hii, nipumzike."

"Mama mkwe," binti alisema, na machozi yakamtoka.

"Na wewe unasimama kama nguzo?" Alikuwa amemgeukia mwanawe. "Mfuate mkeo. Beba zana zako, wasije wakasema umekwenda kula bure. Na usikanyage hapa mpaka wakusamehe."

"Na baba je?"

Ndani mzee alikohoa. Miguu yake ilikuwa imekufa siku nyingi, hakuweza hata kugeuka kitandani peke yake.

"Baba yako ana mke," alisema msokota nyuzi, akaokota uzi wake chini.

Langoni walinzi walikuwa wengi kuliko kawaida. Mmoja alimjua dobi. Akamtazama binti aliyekuwa akilia kwa kwikwi.

"Huyu naona umemkamua mwenyewe, maji bado yanamtoka."

Dobi alicheka. Kicheko kilimtoka kikavu kama ganda, lakini mlinzi alikikubali, akasogeza mkuki wake pembeni.

Nje ya ukuta alimvuta mkwewe kando. "Nendeni kwa mjomba, kule wanakochoma chokaa. Msisimame njiani. Usirudi mpaka nikuite kwa mdomo wangu."

Kijana alimtazama usoni, kisha akautazama ukuta nyuma yake. "Mama yangu?"

"Mama yako nitakuwa naye."

Binti hakusikia hayo. Alikuwa ameshatangulia, mgongo umegeuzwa. "Umenivunjia ndoa, mama," alisema bila kutazama nyuma. "Sitalisahau hili."

"Jifunike vizuri," alisema dobi. "Kuna upepo."

Alisimama mpaka walipopita kona ya kwanza. Alitamani kuwafuata, miguu ilishaanza kwenda yenyewe. Lakini shati lilikuwa kambani. Dobi asiyerudi kuanua nguo ya mfalme angetafutwa kabla ya giza, na wapanda farasi wangewafikia wale wawili kabla hawajafika mbali. Akarudi ndani.

Uani alimkuta msimamizi amesimama chini ya kamba, ameushika mkono wa shati kama mtu anayemsalimu mwenzake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilidhani umetoroka."

"Niende wapi, bwana, na shati la mfalme liko kambani?"

Alilianua, akalikunja mbele yake, mkono juu ya mkono. Alipofika kwenye kola, kidole chake kilipita polepole pale ambapo doa halikuwahi kuwapo. Yule bwana aliona. Alilipokea, akalikumbatia kifuani.

"Kesho litakuja jingine," alisema.

"Nitalifua, bwana."

"Litakuwa chafu."

"Nitalikuta chafu."

Jua lilipokuwa likizama aligonga mlango wa msokota nyuzi, kapu kichwani.

"Nani?"

"Mimi. Nimekuja kuyafua yale mashuka."

Mlango ukafunguka kidogo. "Yana uchafu sana?"

"Mno."

Wakacheka, viganja vinywani, majirani wasisikie. Kisha wakashika kazi. Walimgeuza mzee ubavu, dobi akatandika shuka jeupe chini yake, akachomeka pembe. Nje sauti ikapaa kutoka mnarani, na haikuisha vizuri kabla kengele za juu hazijaanza. Kote kule walikuwa wanamwombea mfalme apone.

"Itajulikana lini?" aliuliza msokota nyuzi.

Dobi alikuwa akinyoosha mkunjo usiokuwapo. "Kesho kuna shati jingine. Baada ya hapo sijui."

Walisukuma sanduku la nguo mlangoni. Mzee alilala kwanza, pumzi ikikwaruza. Msokota nyuzi alilala akiwa ameketi, kisokotio kimebaki ndani ya ngumi yake. Dobi alijilaza sakafuni, kati yao na mlango, macho wazi. Hatua zilikuja barabarani, zikapita. Zikaja nyingine, nyingi zaidi, zikasimama mahali karibu, mtu akanong'ona, zikaondoka. Alifikiria njia ya chokaa na mgongo wa bintiye. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa shuka lililoning'inia kitandani, vinafikicha, vinafikicha, kama vile pana doa, vikapunguza mwendo, vikatulia.